Mzee Kidogo, Mpiga Picha za Wawili

Wengi mliokusanyika hapa leo mna picha ukutani au juu ya kabati, mmeketi na wenzi wenu, upande mmoja wa uso una mwanga na upande wa pili una kivuli laini, na mnaonekana mnapendana kuliko mlivyokuwa mnapendana asubuhi ya siku ile. Aliyeipiga picha hiyo ndiye tunayemsindikiza. Familia inaomba radhi mapema kwamba maelezo haya yatataja mashuka, taa na miavuli kwa wingi usio wa kawaida katika shughuli kama hii. Hatukuona njia nyingine ya kumweleza.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1956, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wake, mtoto wa nne kati ya saba wa baba fundi cherehani na mama muuza mboga. Chumba kile kilikuwa na dirisha moja dogo lililotazamana na ukuta wa jirani. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alikataa kunyonya mpaka ageuziwe upande wa dirisha. Dada yake mkubwa, ambaye yupo hapa nasi, anasema habari hiyo ilitungwa baadaye, marehemu alipoanza kujulikana, na kwamba alinyonya upande wowote bila ubaguzi. Familia imeamua kuchapisha kauli zote mbili.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1963 hadi 1970, kisha sekondari hadi 1974. Matokeo yake yalikuwa ya wastani katika masomo yote isipokuwa fizikia, ambako yalikuwa mabaya. Chanzo kinajulikana. Akiwa kidato cha pili alikutwa na kipande cha kioo, akichukua jua la dirishani na kulipeleka juu ya upara wa mwalimu wa fizikia, ambaye wakati huohuo alikuwa ubaoni akifundisha sura ya mwanga.

"Mwenye kioo asimame," mwalimu alisema bila kugeuka.

Akasimama.

"Unafanya nini?"

"Napima, mwalimu."

"Unapima nini?"

"Kama mwanga unarudi."

"Haya, na wewe toka nje, tuone kama utarudi."

Vipindi vyote vya fizikia vya muhula ule alivisikilizia nje, chini ya dirisha, na hakuwahi kulalamika, kwa maana huko nje kulikuwa na mwanga zaidi. Miaka mingi baadaye mwalimu yule, tayari mstaafu, alifika na mkewe nyumbani kwa marehemu ili wapigwe picha. Marehemu alimkaribisha kwa heshima zote, akamkalisha, akamtazama kwa muda, kisha akachukua poda na kumpaka utosini kwa mkono wake mwenyewe, akieleza kwa upole kwamba bila hivyo mwanga utarudi. Hakuna aliyecheka. Picha ile ilitoka vizuri, na iko ukutani kwa mwalimu hadi leo.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika karakana ya kutengeneza pasi, feni na redio, kwenye mtaa wa maduka ya vyuma. Alikuwa fundi mzuri, mpole kwa vyombo, ila mavazi yake yalijiendea. Siku moja ya mwaka 1981 aliingia dada mmoja amebeba pasi kama anayebeba kuku mgonjwa.

"Kaka, hii inapiga shoti."

"Ina umri gani?"

"Makubwa! Unauliza umri wa pasi, mimi hujaniuliza hata jina?" Kisha akamtazama shingoni. "Wewe ndiye fundi wa pasi?"

"Ndimi."

"Na kola hiyo?"

Kola yake ilikuwa imelala upande mmoja, upande wa pili umesimama kama sikio la mbuzi. Dada yule hakusubiri jibu. Aliinama juu ya meza, kati ya feni iliyofumuliwa na redio isiyo na mgongo, akailaza kola kwa vidole viwili. Marehemu alisema maisha yake yote kwamba wakati ule taa ya karakana iliwaka zaidi. Kwa kuwa alikuwa fundi, alikagua nyaya baada ya dada kuondoka, na hakuona hitilafu.

Pasi ilipona siku ileile. Hata hivyo marehemu alimweleza mwenyewe kwamba imebaki na tatizo dogo, arudi. Aliporudi, tatizo lilikuwa limehamia kwenye waya. Aliporudi tena, lilikuwa kwenye mpini, ambao ni wa mbao na hauna umeme. Na kila alipoingia alimkuta fundi na kola imesimama upande uleule, akailaza, akamsuta kidogo, akaondoka. Mjane anasema mara ya kwanza alidhani ni uzembe, mara ya pili akadhani ni umaskini, na mara ya tatu alijua. Alianza kutembea na pasi hata siku ambazo haikuwa na tatizo lolote.

Katika karakana hiyohiyo ililetwa taa kubwa ya studio ya picha iliyokuwa imeungua. Marehemu aliitengeneza, akairudisha kwa miguu, akaomba aione ikiwashwa, na hakurudi tena karakana isipokuwa kuaga. Mwenye studio alimfundisha kamera. Ustadi wa mwanga hakumfundisha mtu. Nadhani sote tunakubaliana kwamba huo alishajifunza chini ya dirisha la fizikia.

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985. Mwenye studio alijitolea kupiga picha za harusi kama zawadi, na hapo ndipo palipoingia jambo lililokaa ndani ya nyumba yao kwa miaka thelathini na saba. Bwana harusi hakuweza kutulia. Kila kamera ilipoinuliwa alikuwa ameshachomoka kwenda kusogeza taa.

"Bwana harusi, simama na mkeo!" mwenye studio alipiga kelele.

"Nakuja, mzee. Hiyo ya kushoto inamkata shingo."

"Leo siyo kazini!"

"Ndiyo maana inaniuma zaidi."

Picha zilipooshwa, bibi harusi alionekana amependeza sana, peke yake. Bwana harusi alionekana mgongo, akaonekana bega, na katika picha moja alionekana kiatu kinachotokea pembeni kwenda upande wa kulia. Bibi harusi alizipitia zote, akazirudia, kisha akasema, "Kumbe nimeolewa na kiatu." Akamwambia anataka picha moja tu, ya wawili, yeye na mumewe, wamekaa kama watu.

"Nitakupigia," marehemu alisema.

"Lini?"

"Mwanga ukikaa vizuri."

Kinyozi hajinyoi, tunajua. Lakini hata kinyozi hukubali siku moja kuketi kwenye kiti cha mwenzake. Huyu alikataa. Kila mwaka, ilipofika Desemba, mkewe alivaa gauni, akauliza, na kila mwaka kulikuwa na wingu, au jua lilikuwa kali, au balbu ilikuwa ya njano. Mwaka mmoja mwanga ulikuwa hauna kasoro yoyote, na marehemu, baada ya kuutazama kwa muda mrefu akitafuta la kusema, alisema ana njaa.

Mwaka 1988 mwenye studio alimwachisha kazi. Wateja walikuwa wakipanga foleni hadi barabarani wakati marehemu akisubiri mume na mke fulani waache kuogopana. "Bwana wee," mwenye studio alimwambia, "hapa tunapiga picha, hatupatanishi ndoa." Waliagana bila chuki. Marehemu alirudi nyumbani, akaitazama sebule yake, akatoa viti.

Sebule ile ndiyo studio mliyoifahamu. Mwanga mkuu ulikuwa dirisha la upande wa mawio, lenye pazia jembamba. Nyuma ya wateja lilitundikwa shuka jeupe la kitanda cha wenye nyumba. Taa ya mezani ilifungwa ndani ya kopo la maziwa ya unga lililokatwa kitako, ili mwanga utoke mwembamba na uguse nywele tu. Ungo wa jikoni ulibandikwa karatasi za kung'aa zitokazo ndani ya maboksi ya majani ya chai, ukawa wa kurudisha mwanga chini ya kidevu. Na juu ya yote ulikuwepo mwavuli mweupe, uliowekwa mbele ya taa kubwa ili kulainisha, ambao haukuwa na stendi. Stendi ilikuwa mkewe. Mtaa ulimwita Mama Mwavuli, akaitika.

Kifungua mimba wao, ambaye sasa ni mwalimu, anakiri kwamba hadi darasa la nne aliamini sebule ni chumba kisicho na viti katika kila nyumba. Kitinda mimba, binti, alifanyia kazi zake za shule kwenye sakafu ya jikoni, jirani na unga uliokuwa unachekechwa kwa kitambaa kwa sababu ungo ulikuwa kazini. Shuka likirudi kitandani usiku lilikuwa na mikunjo ya misumari. Ilikuwa nyumba yenye furaha, ila ukitaka kukaa ulikaa jikoni.

Yeye mwenyewe mtaa ulimwita Mzee Kidogo, ingawa aliinama kila alipopita mlangoni. Jina lilitokana na kazi. "Baba, sogea kidogo. Mama, inamisha kichwa kidogo. Cheka kidogo. Siyo hivyo, kidogo." Wateja walidhani hapo ndipo kazi ilipo. Hapo palikuwa pa kuwachosha tu. Kazi yenyewe ilikuwa imefanyika mlangoni, aliposalimiana na bwana kwa mkono wa kulia na kumpigapiga begani kwa mkono wa kushoto, kwa ukarimu mkubwa, na kwa ukarimu huohuo akamwinulia kola upande mmoja. Bwana hakujua. Bibi aliona. Kisha marehemu aligeuka kuhangaika na taa ambayo haikuwa na tatizo, akiguna, akilaumu umeme, mpaka bibi asiweze tena kuvumilia, akanyoosha mkono kuirekebisha. Wakati huo mtu hajui kama anatazamwa. Mke humtazama mume jinsi anavyomtazama siku zote, na mume huinua kidevu kidogo kumpisha, kama mtoto. Ndipo kamera ilipolia. Angalieni picha zenu mkirudi. Wengi wenu mama yuko karibu kuliko alivyokusudia, na mkono wake ndio kwanza unatoka shingoni. Kwa wale ambao mlidhani mlikuja na kola mbaya, familia inawasafisha jina leo.

Mara moja tu mbinu hii ilikaribia kushindikana kabisa. Walikuja mume na mke waliokuwa hawasemeshani. Watoto wao walikuwa wamewaletea gari mlangoni wakawapakia. Waliketi. Kola ilisimama. Marehemu alitengeneza taa, akatengeneza kopo, akatengeneza ungo. Kola ikaendelea kusimama. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na aliyeumia wa kwanza alikuwa Mama Mwavuli, aliyekuwa amenyoosha mkono muda wote huo.

"Dada yangu," alisema, "mimi bega linakatika. Mrekebishie huyo bwana kola, tukapike."

"Kola yake aitengeneze huko anakoshinda," mke alijibu.

"Nashinda kwa mama yako," mume alisema, "namtengenezea paa lake."

Mke akageuka. "Paa lipi?"

"Linalovuja."

"Na hukusema?"

"Uliniuliza nilikokuwa kwa sauti ambayo haijibiwi."

Mke alimtazama sana. Kisha akainyoosha kola ile kwa nguvu kama anayefunga begi, na hapo marehemu akabonyeza. Picha yao haina tabasamu hata moja. Wameitundika juu ya meza ya kulia chakula, na wanasema hawangeibadili kwa nyingine.

Kuhusu picha ya kwake mwenyewe, familia haikukaa kimya. Watoto walijitolea kumpiga. Shemeji yake, mdogo wa Mama Mwavuli, dereva wa lori, alijitolea kushika mwavuli, akafanyiwa majaribio, na marehemu alisema anaushika kama mtu anayesubiri basi kwenye mvua. Alipoona visingizio vimeisha, mkewe alimuuliza waziwazi, wakiwa wanakunja shuka.

"Mzee, unaogopa nini?"

Alikunja ncha zake mbili, akamletea. "Nikikaa pale nawe, nani atakuona? Kila picha iliyotoka vizuri humu ndani, nilikuwa nakuangalia wewe na mwavuli ndipo najua mwanga umekaa. Nikikaa pembeni yako sitaona kitu."

Mama anasema ni neno zuri na halikumsaidia. Alitaka picha.

Mwaka 2022 marehemu alianza kuishiwa pumzi kwenye ngazi, na miguu ikavimba. Daktari alieleza kwamba moyo wake umepanuka. Mkewe alijibu kwamba familia ilishalijua hilo siku nyingi, ila haikujua kuwa ni ugonjwa. Alitibiwa vizuri na kwa subira, na tunawashukuru wauguzi, ambao aliwasogeza wote dirishani mmojammoja. Mwanzoni mwa 2023 madaktari walimrudisha nyumbani na kutuambia ukweli. Kwa kuwa hakuweza tena kupanda ngazi, kitanda chake kiliwekwa sebuleni, chini ya dirisha la mawio. Kwa mara ya kwanza sebule ile ikapata mahali pa kukaa.

Tarehe 16 Aprili, asubuhi, Mama Mwavuli alivaa gauni la Desemba, akamvalisha mumewe shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, kola imelala sawa pande zote, akamwambia, "Leo."

"Mwanga..." marehemu alianza.

"Mwanga umekuja. Umebaki wewe."

Walimketisha kwenye kiti mbele ya shuka. Kitinda mimba alichukua kamera. Kifungua mimba alishika ungo. Mwavuli alipewa shemeji, na kabla hajaufungua vizuri marehemu alikuwa ameshaanza: juu kidogo, nyuma kidogo, siyo hivyo. Mama akaona itakuwa harusi tena. Akaunyakua mwavuli, akaketi nao kando ya mumewe, mkono mmoja umeunyoosha mbele ya taa. Marehemu akatulia. Lakini akawa anautazama mwavuli.

"Inua kidogo," alisema.

Mama aliuangalia mwavuli, akamwangalia yeye. "Siinui kitu leo. Leo napigwa picha." Akauweka chini.

Taa ikawapiga kavu, bila huruma. Nusu ya uso wa marehemu ikaingia gizani. Kwa kipimo chake hiyo ilikuwa picha ya kutupa, na alikuwa na pumzi chache za kubishana. Alikaa. Mikono yake ilikuwa mapajani, haina taa ya kushika. Binti anasema kwenye kamera alimwona baba yake akihangaika kama mteja anayekuja mara ya kwanza, hajui aangalie wapi, na kwamba yeye, binti, alitaka kuahirisha. Kisha mkono wa kulia wa marehemu ulianza kupanda, polepole, ukapumzika kifuani, ukaendelea, ukafika shingoni. Mbele ya wote, bila kujificha, aliinua kola upande mmoja.

"Nimekuona," Mama alisema.

"Najua."

"Nilikuona tangu karakana."

"Na pasi je?"

"Ile pasi ilikuwa nzima, mzee. Mara ya pili nilikuja nayo nzima."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa, naye Mama akanyoosha vidole viwili kuilaza kola, na binti akabonyeza.

Walimwonyesha kwenye kioo cha kamera. Aliiangalia kwa muda mrefu kuliko picha yoyote. "Mwanga umekaa vibaya," alisema. Binti akauliza kama warudie. "Hapana," akasema. "Iacheni." Picha hiyo iko nyuma ya ratiba hii. Mwavuli unaoonekana sakafuni, miguu juu, haukusahaulika pale. Uliwekwa.

Marehemu alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 2023, asubuhi, jua likiwa bado upande wa dirisha. Mkewe alikuwa amelisogeza pazia kidogo, kwa sababu mumewe alikuwa ameomba.

Ameacha mjane, Mama Mwavuli, watoto wawili, mwalimu na mpiga picha, mkwe mmoja, wajukuu wanne, ambao wote hukaa upande wa dirisha bila kuambiwa, dada yake mkubwa, ambaye bado anakanusha ile habari ya kunyonya, na shemeji yake, ambaye leo atamshikia Mama mwavuli makaburini kama jua litakuwa kali. Tunaomba asitazamwe sana. Anajitahidi.

Jambo la mwisho ni ombi. Mtakapopita kumuaga mtaona amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na kola yake imesimama upande mmoja. Wavishaji hawakukosea. Tunawaomba, hasa kina mama, ambao tunajua itawawia vigumu, msiiguse. Kabla jeneza halijafungwa, Mama atakwenda kuilaza mwenyewe.

Apumzike, Mzee Kidogo. Mwanga umekaa.